Je, vitamini D huzuia virusi vya homa ya ini kuzaliana?

Swali
Ndugu zangu, salaam. Mume wangu ana homa ya ini aina B na humeza tenofoviri kila siku. Vipimo vya karibuni vimeonyesha kwamba ana upungufu mkubwa wa vitamini D. Jamaa yetu anamshauri ameze vidonge vya kipimo kikubwa, akidai kuwa vitamini hiyo huzuia virusi kuzaliana kiasi kwamba anaweza kuachana na dawa. Je, madai haya yana msingi?

Jibu la kwanza
Dada, msingi upo, ila jamaa yenu amejenga juu yake jambo lisilobebeka. Mwaka 2011 ilichapishwa kazi ya maabara iliyoonyesha kwamba vitamini D hupunguza uzalishaji wa virusi vya aina C katika seli za ini zilizokuzwa nje ya mwili, na kwamba ikiambatana na interferoni, dawa inayosaidia kinga ya mwili kupambana na virusi, athari huongezeka. Hivyo ni virusi vya aina nyingine, na seli za maabara si mgonjwa. Kwa aina B, wagonjwa wenye vitamini D kidogo wameonekana kuwa na virusi vingi zaidi katika damu. Lakini uhusiano huo hautuambii kipi kimezaa kipi, kwa kuwa ini ndilo huanza kuibadilisha vitamini hiyo kabla ya figo kuikamilisha, na ini lililodhoofika huifanya kazi hiyo kwa shida.

Jibu la pili
Naunga mkono, na nakusihi asiache tenofoviri. Kaka yangu aliacha dawa kama hiyo bila kumwambia daktari. Virusi vilirudi kwa kasi, macho yakawa ya manjano, na tulimuuguza wodini majuma kadhaa. Virusi vya aina B huacha DNA yao ndani ya kiini cha seli za ini, na hakuna vitamini inayoiondoa. Upungufu wenyewe utibiwe, hasa kwa vile baadhi ya aina za tenofoviri hupunguza uimara wa mifupa, lakini kwa kipimo alichopangiwa na daktari, maana vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu na kuumiza figo.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Anatumia tenofoviri disoproksili, na mwezi uliopita alilalamikia maumivu ya nyonga. Je, hilo nimweleze daktari sasa, au lisubiri kliniki ijayo?

Jibu la pili
Mweleze sasa, dada, kwa kuwa hiyo ni mojawapo ya aina zinazopunguza uimara wa mifupa, na uombe figo zake zipimwe pamoja na kalsiamu na fosfati, madini yanayojenga mifupa.