Kamisheni ya aliyeninunulia gari Japani: nayo inapigiwa kodi?

Mama Chamwino:
Wakuu, shikamooni wakubwa. Nina gari liko melini, Subaru Forester ya cc 1995, halijafikisha miaka minane. Kuna kijana wa Kitanzania anaishi kule, ndiye aliyenisimamia mnadani. Kwenye karatasi yake kaandika bei ya gari, nauli ya meli na bima, halafu "kamisheni dola 300". Wakala wangu wa forodha anasema hiyo 300 inaingia kwenye thamani ya gari inayopigiwa kodi. Shemeji yangu anasema sheria imeisamehe. Nimfuate nani?

Mzee wa Kurasini:
Marahaba. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 122, inatupeleka Jedwali la Nne. Pale kamisheni na udalali vinaongezwa kwenye bei kama mnunuzi ndiye anayevilipa na havimo tayari kwenye bei. Kinachoachwa nje ni kamisheni ya ununuzi, yaani ujira unaomlipa wakala WAKO kwa kukuwakilisha wewe kununua. Shemeji kaisoma vizuri, ila swali ni huyo kijana alikuwa wa nani. Ukilipa mtu wa muuzaji, hata mkiiita "kamisheni ya ununuzi" kwa wino wa dhahabu, inaongezwa.

Dogo Spea:
Mwambie aandike invoisi nyingine bila huo mstari. Kesi imeisha 😂

Mzee wa Kurasini:
Dogo, kupeleka forodha hati ya uongo ni kosa la jinai. Usimwingize mama wa watu matatani kwa dola mia tatu.

Hesabu Kichwani:
Tupige hesabu basi, maana watu wanabishana bila namba. Ushuru wa forodha 25% ya 300 ni dola 75. Ushuru wa bidhaa kwa cc 1001 hadi 2000 ni 5%, unapigwa juu ya 375, ni 18.75. VAT 18% juu ya 393.75 ni kama 70.9. Jumla karibu dola 165, bila tozo ndogondogo. Zaidi ya nusu ya kamisheni yenyewe! Ndiyo maana huo mstari mmoja una maneno mengi.

Mtu wa Tunduma:
Dada, kabla ya yote ingia kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika. Unaweka aina, modeli, mwaka, nchi, mafuta na ukubwa wa injini, kinakupa CIF yao, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Kama CIF hiyo imezidi ya kwako hata ukijumlisha hiyo 300, na wakakukadiria kwa hiyo, hapa mnabishania hewa.

Mama Chamwino:
Asanteni sana. Kikokotoo nitakiangalia usiku huu. Ila jamani, invoisi imetoka kwa kampuni ya huyo kijana, na mnadani gari lilinunuliwa kwa jina la kampuni hiyo. Mkataba hatuna, tuliongea WhatsApp tu.

Mzee wa Kurasini:
Ahaa, hapo mambo yamebadilika. Kama kampuni yake ilinunua kwa jina lake ikakuuzia wewe, yeye ni muuzaji. Hiyo 300 ni faida yake, kwa hiyo ni sehemu ya bei. Wauzaji wengi wa Japani hufanya kazi hivyo, wao ndio wanachama wa minada. Ungetaka ihesabiwe kamisheni ya ununuzi, ungehitaji makubaliano ya uwakala ya kabla ya mnada, ankara ya mnada inayoonyesha bei halisi, na ushahidi kwamba alinunua kwa niaba yako kwa pesa yako. WhatsApp si bure, itunze, lakini invoisi yenye jina la kampuni yake inaizidi nguvu.

Hesabu Kichwani:
Na asije mtu akakuchanganyia humo ada za bandari ya Dar au malipo ya wakala wako wa forodha. Hizo utazilipa, lakini si sehemu ya thamani ya gari.

Mama Chamwino:
Na wakinikadiria nisiridhike?

Mzee wa Kurasini:
Kifungu cha 229. Una siku 30 tangu uamuzi kumwandikia Kamishna aupitie upya. Andika kwa barua, ambatanisha uthibitisho wa malipo ya benki na ankara ya mnada. Hiyo ankara mwombe kijana leo, kabla meli haijatia nanga.