Wasanifu majengo mlioko Texas: saa 18 ninazo, kumbe hazinisaidii!

Mchora_Ramani:
Habari za humu wakuu. Jana nimefungua rekodi yangu ya AIA, chama cha wasanifu majengo wa Marekani, nikakuta saa 18 za mafunzo zimetimia, nikashusha pumzi. Kuja kuangalia vizuri, zenye alama ya HSW (afya, usalama na ustawi) ni 7 tu! Zile 11 ni za mchana pale ofisini: jamaa wa vigae anakuja na sandwichi, anaonyesha picha za hoteli, tunasaini, cheti kinatumwa. Nilikuwa nasaini huku natafuna. Halafu ya ufikivu kwa watu wenye ulemavu sina hata moja. Ya nishati ninayo.

Leseni yangu inaisha Machi, mwezi wa kuzaliwa. Je, nikimalizia Januari na Februari itakubalika? Kuna mwenzangu kazini anasema, "Weka tiki tu kwenye fomu kwamba umetimiza, nani anaangalia."

BiMkubwa_Rula:
Mdogo wangu, Machi isikudanganye. Machi ni ya kulipa na kujaza fomu. Saa zinahesabiwa 1 Januari hadi 31 Desemba, kwa hiyo ya Januari ni ya mwaka mwingine. Bodi ya jimbo, hao wenye leseni yako, inataka 12, zote za HSW, yaani afya, usalama na ustawi wa watu, na humo ndani 1 ya ufikivu na 1 ya usanifu endelevu au nishati. Leo ni katikati ya Novemba, muda unao.

Huyo wa tiki achana naye. Bodi huchagua watu na kuwadai vyeti, na vyeti unatakiwa uvitunze miaka 5. Mimi niliwahi kudaiwa. Kimoja nilikitafuta siku tatu, nikakikuta kwenye barua pepe ya ofisi niliyokwisha kuihama. Ilibidi nimpigie sekretari wa zamani kumbembeleza.

Jamaa_wa_Dallas:
Pole kaka. Kwa bodi pekee mambo si mabaya: kati ya 12, hadi 4 unaweza kujisomea mwenyewe. Una 7, ongeza 1 ya ufikivu kwa webina, usome 4, umemaliza. Shida ni AIA. Wao katika zile 18 wanataka 12 za HSW, na ya kujisomea hawaihesabu humo. Mimi ningechukua zote 5 kwa mtoaji wa mafunzo aliyesajiliwa nao, nimalize pande zote mbili.

Mchora_Ramani:
Asanteni sana. Sasa hizo AIA si wanazipeleka bodi wenyewe?

Jamaa_wa_Dallas:
Wapi! AIA ni chama tu, bodi ni ya serikali ya jimbo. Mtoaji anaingiza saa zako AIA, basi. Kwa bodi unajibu mwenyewe.

BiMkubwa_Rula:
Na ya ufikivu usiifanye ya kupitisha muda. Mimi rampu, zile njia za mteremko za viti vya magurudumu, nilikuwa nazichora kwa mazoea, inchi 1 ya kupanda kwa 12 za kwenda. Mkufunzi mmoja akatuonyesha kwamba huo ndio mwinuko wa mwisho unaoruhusiwa. Fundi akikosea zege kidogo tu, umeshavunja sheria. Tangu siku hiyo nachora 1 kwa 14.

Mchora_Ramani:
Hii ya 1 kwa 14 naiiba, dada. Nimeshajiandikisha webina ya ufikivu, Alhamisi saa sita mchana. Tatizo, jamaa wa vigae naye anakuja saa hiyohiyo.

Jamaa_wa_Dallas:
Mwambie akuwekee sandwichi kwenye friji.