Tupeane uzoefu: mvua ya masika na bustani za nyumbani Nairobi

Jembe_Butu
Wadau, mvua ndiyo hiyo imeanza kugonga mabati. Tupeane uzoefu wa bustani za nyuma ya nyumba: nini kipandwe, lini, na nini huharibika.

Naanza. Mvua ya kwanza ya Machi hudanganya. Inaweza kunyesha siku mbili, kisha jua likawaka wiki mbili, na mbegu iliyokwisha kupasuka ikakaukia ardhini. Chimba kwa panga sentimita 20 kabla ya kupanda. Unyevu ukiwa umefika huko na udongo unashikana ukiufinya, panda. Ukikuta vumbi chini ya tope, ngoja. Kumbikumbi si kipimo, hao hutoka hata baada ya mvua moja nzuri. Ila kitalu cha sukuma wiki hakingoji mvua: kianze katikati ya Februari, maana miche hukaa humo wiki nne hadi tano, na inafaa iwe imeshika mizizi kabla ya Aprili, mvua inapokuwa nyingi zaidi.

Mama_Utawala
Ushauri wa panga ni wa watu wa udongo mwekundu. Huku kwetu kwa udongo mweusi, Embakasi, Utawala hadi Ruai, ukingoja unyevu ushuke sentimita 20 umechelewa, jembe likiingia halitoki. Udongo huu ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Maji yakishajaa hayana pa kwenda, mizizi inakosa hewa, majani ya chini yanageuka manjano. Hapo ndipo wengi hukosea: wanadhani mche una njaa, wanaongeza mbolea, na mche unakufa kabisa.

Dawa ni tuta, na lichongwe udongo ukiwa bado mkavu. Upana mita 1 ili ufikie katikati kutoka pande zote mbili, kimo sentimita 30, na mfereji wenye mteremko wa kutoa maji nje ya ploti (si kwa jirani, tafadhali). Changanya samadi iliyooza, karai mbili kwa kila mita mraba. Mchanga kidogo haufungui udongo huu. Mboji ndiyo inaufungua, msimu baada ya msimu. Na mtu asikanyage tuta likiwa bichi. Alama ya kiatu ikikauka inakuwa ngumu kama tofali na mzizi haupiti hapo.

Dagoretti_Mteremkoni
Kwa udongo mwekundu adui ni mteremko. Mistari ikate mteremko, isishuke nao. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, lakini iache nafasi ya kiganja kuzunguka shina, kwa sababu konokono hulala humo mchana.

Gunia_Moja
Kwa wasio na ardhi, njia ya gunia inayotumika sana Kibera bado haijapata mpinzani. Gunia la kilo 90. Chukua gorogoro (mkebe wa kupimia nafaka), toa kitako, isimamishe katikati ya gunia chini kabisa na uijaze mawe madogo. Jaza udongo pembeni hadi ukingo wa gorogoro, ivute juu, mawe yabaki, ujaze tena. Endelea hivyo hadi juu. Mchanganyiko ni karai tatu za udongo kwa moja ya samadi iliyokaa miezi mitatu. Ile mbichi ya kuku itaunguza mizizi.

Mwagilia kwanza, acha udongo utulie siku mbili tatu, ndipo utoboe matundu ya upana wa vidole viwili, sentimita 20 kati yake, yakipishana. Kosa la kawaida ni kuruka mawe: maji yanabaki juu, chini pakavu. La pili ni kuweka gunia chini ya ukingo wa mabati. Maji yanayotiririka humomonyoa udongo wa juu kwa usiku mmoja.

Managu_na_Terere
Mbegu ya managu (mnavu) ni ndogo mno, mkono hauwezi kuigawa sawa. Changanya kijiko kimoja na vijiko kumi vya mchanga mkavu, nyunyiza kwenye mstari wenye kina cha nusu sentimita, funika kidogo sana. Ukizika kwa kina haioti. Terere (mchicha) huanza kuvunwa kama wiki ya nne, managu huchukua muda zaidi. Managu yasifuate nyanya wala viazi. Ni ukoo mmoja, magonjwa ni yale yale. Dania usihamishe, panda papo hapo. Ile punje ya mviringo ina mbegu mbili, ivunje kwa kuisugua taratibu.

Jembe_Butu
Na miche inayokutwa asubuhi imekatwa shina usawa wa ardhi? Watu hunyunyiza majivu.

Mama_Utawala
Majivu yakinyeshewa yamekwisha kazi. Fukua sentimita 3 hadi 5 karibu na mche uliokatwa, utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja. Usipomtoa, usiku unaofuata atahamia mche wa jirani. Kisha zungushia miche iliyobaki pete ya karatasi ngumu, sentimita 2 ndani ya udongo na 4 juu.

Taa_ya_Barazani
Msisahau Nairobi flai, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi. Mvua ikikolea anafuata taa ndani ya nyumba. Haumi wala hadungi. Sumu iko mwilini na hutoka akipondwa. Akitua juu yako, mpulize. Ukimponda, osha ngozi kwa sabuni na maji mara moja na usiguse macho, kwani malengelenge huonekana baada ya siku moja au mbili. Bustanini mwacheni, anakula vidukari.

Dagoretti_Mteremkoni
La mwisho kuhusu sukuma. Jani likianza manjano kutoka ukingoni kwa umbo la V, na mishipa ikawa myeusi, huo ni ugonjwa wa bakteria unaorushwa na matone ya mvua. Ng'oa mche mzima, usiutie kwenye mboji. Usichume majani yakiwa na maji, unausambaza kwa mikono. Na mahali hapo pasipandwe sukuma wala kabichi kwa miaka miwili, weka kunde.