Lebo ya mawese imekataliwa: nianzie wapi kujifunza usanifu wa michoro?

MwanaMwanga

Wanajukwaa, salaam. Ninaendesha steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma, na kazi zangu za kila siku ni kutoa nakala, kuchapa barua za maombi ya kazi na kupiga picha za pasipoti. Tangu mwaka jana wateja wameanza kuniletea kazi za mabango, kadi za harusi na lebo, nami nimekuwa nikizifanya kwa programu ya Canva na wakati mwingine kwa Microsoft Publisher, bila kufundishwa na mtu.

Wiki mbili zilizopita kikundi cha akina mama wanaokamua mawese kilinipa kazi ya lebo ya chupa ya lita moja, yenye upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 7. Nilijituma kweli. Jina la bidhaa niliandika kwa herufi za mapambo zenye kivuli. Nikaweka mchikichi, ziwa wakati wa machweo, na sokwe wawili kwa kuwa wageni wanaijua Kigoma kwa sababu ya sokwe wa Hifadhi ya Gombe. Nyuma ya vyote nikapaka nyekundu inayofifia kuwa njano. Ujazo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba za simu na sentensi ndefu ya kuyasifu mafuta niliyapanga yote katikati kwa aina tano za fonti, ili kila jambo lionekane. Mwenyekiti wao alipoishika chupa ya kwanza aliizungusha mara mbili, akaiweka mezani, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hapa panauzwa nini?"

Isitoshe, rangi zilizokuwa zikiwaka kwenye kioo cha kompyuta zilitoka printani zimepooza, na picha ya ziwa ikawa na ukungu. Naomba mnieleze kanuni za msingi ambazo anayeanza anapaswa kuzijua, na kama ni lazima ninunue programu ya gharama kubwa.

---

FundiChapa

Ndugu MwanaMwanga, pole na kazi. Weka kompyuta pembeni kwanza, kwa sababu kosa lilitokea kabla hujaiwasha: ulitaka kila jambo lionekane, na jicho likakosa pa kuanzia. Chukua kalamu, andika kila kitu kinachopaswa kuwa kwenye lebo, kisha vipe namba. Namba 1 ni kitu kimoja tu, nacho ni neno MAWESE pamoja na jina la kikundi kama ni fupi. Namba 2 ni kinachomfanya mnunuzi aamue, yaani ujazo na mahali yanakotoka. Yaliyobaki yote ni namba 3, na hayo mtu huyasoma chupa ikiwa tayari mkononi mwake. Ile sentensi ya sifa ungeifuta. Mafuta yanaonekana kupitia chupa.

Mafundi hutenganisha viungo vya usanifu na kanuni zake. Viungo ni mstari, umbo, rangi, herufi, picha, mguso wa uso wa kitu, na nafasi tupu, ambayo wanaoanza huisahau. Kanuni ni namna ya kuvikutanisha: ukubwa kwa kadiri ya umuhimu, ukaribu, mlingano wa kingo, utofauti, urudiaji na mizani. Usikariri majina hayo. Katika lebo yako matatu ndiyo yanayouma.

La kwanza ni ukubwa. Herufi za saizi 14 na za saizi 16 zikikaa pamoja, msomaji hudhani umekosea kupima. Kama neno moja ni kuu, lifanye kuu kweli: 40 kwa 10 kwa mfano, hata mtu aliyesimama upande wa pili wa barabara alione.

La pili ni ukaribu. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alieleza mwaka 1923, huko Ujerumani, jinsi jicho linavyovihesabu vitu vilivyokaribiana kuwa ni kundi moja. Wewe uliacha nafasi ileile kati ya kila mstari na mwenzake, kwa hiyo namba ya simu ikaonekana ni ndugu wa tarehe ya mwisho wa matumizi. Zikusanye tarehe pamoja, mawasiliano pamoja, kisha acha pengo la wazi kati ya makundi hayo mawili. Hapo hapo uache kupanga kila kitu katikati. Mistari ya urefu tofauti ikipangwa katikati huacha kingo zote mbili zikiwa na meno; ukiipanga yote ianzie kushoto, unapata ukingo mmoja ulionyooka ambao jicho hurudi kuushika kila linapoanza mstari mpya.

La tatu ni rangi. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya intaneti, hutaka maandishi ya kawaida ya kurasa yatofautiane kwa mwangaza na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nyekundu kamili juu ya njano kamili hufikia takriban 3.7, na njano juu ya nyeupe ni 1.07, yaani ni sawa na kutoandika. Chupa haifungwi na mwongozo huo, lakini jicho ni lilelile. Tena mawese yenyewe ni mekundu yanayoelekea rangi ya machungwa, kwa hiyo lebo nyekundu humezwa na kilichomo ndani ya chupa. Jaribu karatasi ya rangi ya krimu na maandishi ya kijani iliyokolea kama jani la mchikichi.

Kuhusu fonti, mbili zinatosha, na mara nyingi moja yenye unene tofauti inatosha. Times New Roman, unayoikuta kwenye kila kompyuta, ilianza kutumiwa na gazeti la The Times la London mwaka 1932, kwa safu nyembamba za habari. Sina ugomvi nayo, ila huwa nacheka nikiikuta imevutwa pande zote mbili ili ijae kwenye bango la harusi.

---

MamaDoti

Nakubaliana na FundiChapa kwa mengi, ila kuna jambo ambalo ninyi wa viwanda vya chapa hulisema kirahisi mno. Wateja wetu huiona nafasi tupu kuwa hasara. Nimeshona na kuuza kanga kwa miaka mingi, nami najua mtu akilipia kitambaa anataka kitambaa kilichojaa. Kwa hiyo kabla hatujamwambia kijana wetu apunguze, na aitazame kanga.

Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yanayokaa sehemu ya chini ya mji. Pindo linaweza kujaa maua na vidoto visivyohesabika. Mji nao unaweza kuwa na korosho kubwa moja au vidoto vilivyotawanyika. Lakini jina hupewa kijisanduku chake au ukanda wake, kwa herufi nzito zisizo na madoido, wala hakuna ua linalothubutu kulipanda. Ndiyo maana mama anatembea mbele yako na unamsoma mgongoni bila kumsimamisha. Kitambaa kimejaa, ila kila sehemu inaijua kazi yake, na pindo linalojirudia ndilo linaloshika vyote pamoja.

Kwa hiyo, mwanangu, kama mwenyekiti anapenda mapambo, mpe pindo. Weka kokwa za michikichi zikijirudia ukingoni, ndogo, kwa rangi moja. Ndani uache pawe patulivu.

---

KibiriziPrinta

Mimi nitajibu la printa, kwa kuwa hilo halihusiani na kipaji. Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Printa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Zipo rangi ambazo mwanga huzitoa na wino hauwezi, hasa kijani na buluu zinazong'aa, nazo hupooza zikifika karatasini. Kwa hiyo usichague rangi kwa kuamini kioo. Chapa kipande kidogo chenye rangi tano au sita, kipeleke juani, uchague hapo.

Ukungu wa ziwa ni wa pikseli, yaani vile vinukta vinavyoiunda picha: vilikuwa vichache. Kwa kitu kinachoshikwa mkononi tunataka nukta 300 kwa inchi, hivyo picha ya kujaza sentimita 10 za lebo yako inahitaji pikseli 1,181 kwa upana. Picha ya intaneti yenye pikseli 640 ingetoka safi ikiwa na sentimita 5.4 tu. Angalia pia kama ulitumiwa kwa WhatsApp kama picha, maana huko hubanwa. Mwombe mwenye nayo aitume kama faili. Ukiwa na rangi inayofika ukingoni, iongeze milimita 3 nje ya mstari wa kukatia kila upande, vinginevyo mkasi ukiyumba utabaki mstari mweupe.

Programu za bure zipo. Inkscape ni ya kuchora nembo na maumbo yasiyoharibika yakikuzwa, GIMP ni ya picha, na Scribus huandaa faili kwa rangi za wino. Publisher usiizoee sana, kwani Microsoft imetangaza kuwa itaacha kuihudumia kuanzia Oktoba 2026. Na tafadhali, lebo ya mafuta usiichape kwenye karatasi ya kawaida. Tone moja likishuka shingoni mwa chupa, karatasi hulinywa na maandishi yanakuwa kivuli. Tumia stika ya plastiki au uifunike kwa karatasi ya plastiki.

---

MwanaMwanga

Wakuu, na wewe mama yangu MamaDoti, nashukuru sana. Nimeirudia kazi yote. MAWESE imekaa juu, kijani iliyokolea kwenye krimu, na chini yake ujazo na neno Kigoma. Tarehe ziko kundi moja kushoto, simu kundi jingine, na kokwa za michikichi zinazunguka ukingo kama pindo. Ziwa nimeliondoa. Niliibandika chupa, nikaiweka kwenye rafu ya duka la jirani katikati ya chupa nyingine, nikarudi nyuma hadi barabarani, na neno lilisomeka.

Jana mwenyekiti alikuja. Safari hii hakuizungusha chupa. Alisoma kwa sauti, akataja ujazo, akaniuliza bei ya lebo 200. Kisha akaigeuza na kuuliza, "Na wale sokwe wangu?" Kumbe alikuwa amewapenda. Nimemrudishia mmoja, mdogo wa rangi moja, nyuma ya chupa karibu na namba ya simu.