Thailand 1997: mtaji wa nje ulikuwa unaingia tu, mbona ilianguka?

Mwaka wa Pili: Wakuu, nasoma uchumi, nina kazi ya kuandika kuhusu Thailand. Uchumi unakua, dola za wageni zinamiminika miaka yote, halafu ghafla kuanguka. Mtaji si neema?

Mzee wa Mawe: Mwanangu, mwaka huo nilikuwa Bangkok, Silom, nikiuza tanzanaiti ya Mererani. Dola moja ilikuwa baht 25 hivi, ndiyo pesa ya Thailand, miaka nenda miaka rudi, mpaka watu wakaacha kuiulizia. Riba ya dola nje ndogo, ya baht ndani kubwa. Tangu 1993 serikali iliporahisisha kukopa nje, benki na kampuni za fedha zilichukua dola za kulipwa ndani ya mwaka, zikazigeuza baht, zikawakopesha wajenzi wa maghorofa. Ghorofa gani linarudisha pesa ndani ya mwaka? Vyumba vikakosa wapangaji, wakopeshaji wakagoma kuongeza muda, kila mtu akatafuta dola siku moja.

Tarehe 2 Julai 1997 benki kuu ikaacha kuishikilia baht, bei ikapangwa na soko. Mteja wangu nilikuwa nimempa mzigo mali kauli, bei kwa dola. Alinipigia, hakuomba punguzo, aliomba muda tu. Januari 1998 dola ilishapita baht 50. Deni lile lile, baht zake mara mbili. Alikuwa mwaminifu yule, bado naumia nikimkumbuka. Hakukosea kazi yake hata kidogo.

Karani wa Benki: Naongezea. Benki kuu ilikuwa imeilinda baht kwa mikataba ya kutoa dola baadaye, hivyo akiba ya dola iliyotangazwa ilikuwa imeshawekwa ahadi. Kampuni za fedha 58 zilisimamishwa, 56 zikafungwa moja kwa moja Desemba.

Mwaka wa Pili: Shikamoo mzee. Kwa hiyo wageni wafungiwe mlango?

Mzee wa Mawe: Marahaba. Hapana. Viwanda vya magari vya Wajapani vilibaki. Kiwanda hukibebi usiku. Mkopo wa miezi sita unaondoka kwa simu moja. Chile tangu 1991 iliwalazimisha walioleta mikopo ya nje kuacha sehemu benki kuu bila riba kwa muda uliopangwa, hata mkopo ukiwa mfupi, basi wa muda mfupi ndio walioumia zaidi. Mimi naona walifanya vema.

Kwenye kazi yako usianze na jumla ya deni la nje. Tafuta kiasi cha kulipwa ndani ya mwaka, kiweke kando ya akiba ya dola.

Mwaka wa Pili: Nimelipata jedwali la 1996. Naanza usiku huu.