Antena ya mzee bado inatazama Pemba, kingamuzi kinakatakata

Mwana wa Duga

Habarini wakuu. Naomba msaada wa mafundi, na yeyote anayetumia kingamuzi cha antena hapa Tanga mjini.

Mzee wangu anakaa Duga. Ana TV ya chogo, inchi 21, haruhusu mtu aisogeze hata kwa kufagia. Tangu analojia izimwe hapa kwetu 31 Januari 2013, mwezi mmoja baada ya Dar, amekuwa akitumia dishi na sisi watoto tunalipia kifurushi kwa zamu. Juzi kusi imelikunja dishi, na zamu ilikuwa imemfikia mdogo wangu, kwa hiyo mnaelewa. Mzee akasema tumtafutie kile cha bure, yeye shida yake ni taarifa ya habari ya saa mbili tu.

Nimenunua kingamuzi cha antena, nikachomeka waya wa njano na mweupe (chogo halina tundu la mwekundu), nikaunga kwenye antena yake ya zamani iliyo juu ya bati. Hiyo ni ya enzi za kukamata TVZ, televisheni ya Zanzibar. Inatazama mashariki, baharini, Pemba moja kwa moja, na vyuma vyake virefu kama reki. Mchana zinaingia chaneli tatu. Ikifika saa moja jioni picha inakatika vipande vipande, mtangazaji anaganda mdomo wazi, halafu kioo kinabaki cheusi. Mwenye duka kule Ngamiani ananiambia ninunue "antena ya kidijitali" yenye busta, elfu arobaini na tano. Kuna kitu kama hicho kweli au napigwa?

Fundi Sahare

Unapigwa nusu, mkuu. Antena haijui analojia wala dijitali, inajua masafa. Matangazo ya sasa yapo UHF, mawimbi yake mafupi, kwa hiyo antena yake ina vyuma vya shibiri moja, moja na kitu. Reki la mzee ni la VHF, mawimbi marefu zaidi. Hizo chaneli tatu linazibahatisha tu.

Nunua antena ya UHF ya kawaida ya nje, isiyo na mbwembwe. Busta usinunue kwanza. Ingia kwenye menyu ya kingamuzi, utaona mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora. Busta inapandisha nguvu, na inapandisha uchafu vilevile, ubora unabaki palepale. Wewe fuata ubora.

Na waya ubadilishe. Kata ncha ya ule wa zamani utazame ndani, nakuhakikishia shaba imeota kijani. Chumvi ya bahari hapa kwetu haina huruma. Kwenye maungio zungushia mpira wa baiskeli, funga kabisa maji yasipite.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Mwanangu msalimie mzee, namwelewa sana. TVZ ilianza 1973 na ilikuwa ya rangi tangu siku ya kwanza, wakati Bara televisheni tumekuja kuiona 1994. Mtu aliyekamata Unguja na Pemba enzi hizo hawezi kugeuza antena kirahisi.

Lakini mwambie Pemba ndiyo inayomkosesha habari. Zamani chenga zilikuwa zinakuongoza. Mmoja juu ya bati, mwingine dirishani: "Hapo?" "Bado!" "Hapo?" "Umepita, rudi!" Na hata chenga zikijaa ulikuwa unaona kitu, sauti unasikia. Hii ya sasa ama picha kama kioo, ama giza. Mawimbi yakiwa dhaifu mchana inajikaza, hewa ikibadilika jioni kidogo tu imekwisha.

Fundi Sahare

Bi Mkubwa kamaliza. Ongezea hili: ukigeuza antena usiendelee kuzungusha. Geuza kidogo, ngoja, hesabu mpaka kumi, kingamuzi kinahitaji muda wa kuyasoma mawimbi. Wengi wanapita pale pazuri bila kujua. Uelekeo tazama mapaa ya majirani wenye picha safi, antena zao zote zitakuwa zimelala upande mmoja.

Kijana wa Muheza

Samahani kudandia mada. Mimi TV yangu ni bapa, mpya. Nalazimika kununua kingamuzi?

Fundi Sahare

Tazama nyuma au kwenye kitabu chake. Ikiandikwa DVB-T2, yaani inasoma yenyewe mawimbi ya kidijitali ya antena, chomeka antena moja kwa moja, saka stesheni, za bure zitaingia. Ikiwa ni T bila 2, kingamuzi utanunua.

Mwana wa Duga

Mrejesho wakuu. Antena ya UHF nimepata kwa elfu kumi na nane, duka lingine. Waya wa zamani niliukata mbele ya mzee: kijani tupu, na mchwa wawili wakatoka. Alinyamaza.

Nilipanda mimi, mzee akakaa kwenye kiti na rimoti. Kuhesabu mpaka kumi ilikuwa kazi, maana kila nikifika nne anapiga kelele "Bado!" Majirani wote wametazama upande wa mjini, nikalaza hukohuko, ubora ukaruka kutoka ishirini na kitu hadi themanini. Jana saa mbili taarifa ya habari imeisha bila kukatika hata mara moja.

Analalamika kitu kimoja. Jirani ana redio inayorusha taarifa hiyohiyo, na yule wa redioni anatangulia sekunde kadhaa. Mzee anaona amecheleweshwa. Nimemweleza kwamba picha inabanwa kule inakotoka na kufunguliwa huku, ndipo muda unapopotelea. Akasema basi waibane kidogo.

Ile reki hajakubali niishushe. Bado ipo juu ya bati, waya haina, inatazama Pemba. Anasema kunguru wameizoea.