Ramani moja Dodoma na baharini, zege likipasuka lawama kwa fundi!

Wakuu, niko Dodoma na leo sina lugha laini.

Miaka minne iliyopita nilikuwa fomeni kwenye zahanati moja pwani ya kusini, hatua chache tu kutoka maji yanapojaa. Juzi nimetumiwa picha. Nguzo za baraza zimepasuka kuanzia juu mpaka chini, zege linabanduka, nondo ziko nje zimeliwa na kutu. Chini ya picha wameandika: "Fundi alilipua kazi." Mimi! Mchanga wa ufukweni sikuugusa, tulisomba wa mtoni, na zege nililimwagilia siku zote saba.

Sasa cheka ulie. Jumatatu nimekabidhiwa saiti nyingine huku huku, njia ya Kondoa. Nafungua ramani, ni ile ile! Nguzo zile zile, kava ya nondo (unene wa zege linaloifunika) milimita 25, bati geji 30, hata choo kona ile ile. Wamebadilisha jina la kijiji, wakasahau kufuta mshale ulioandikwa "baharini". Bahari njia ya Kondoa! Kumbe hata walipochora ile ya kule walijua bahari ipo.

Huku 25 haina neno. Mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili, kinachobaki ni jua na vumbi. Kule kusi likivuma chumvi inatua ukutani usiku na mchana, inapenya zege polepole mpaka kwenye nondo. Nondo ikila kutu inavimba, maana kutu inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Zege litaenda wapi? Linapasuka. Kando ya bahari nondo inazamishwa kama milimita 50 ndani, na zege liwe la maji kidogo, lililoshindiliwa likashiba. Niliomba biskuti za 50, vile vipande vya zege vya kuitenga nondo na ubao wa fomu. Jibu: "Fuata ramani, BOQ ishapita," yaani orodha ya vifaa na gharama imeshapitishwa.

Wagogo walijenga tembe fupi lenye paa bapa la udongo kwa kuujua upepo na jua la huku. Waswahili wa Kilwa walijenga kwa matumbawe na chokaa, hakuna chuma cha kuoza. Hao hawakuwa na kompyuta ya kunakilia ramani.

Barua ya kutakiwa kujieleza imefika, nina siku saba. Aliyewahi kugomea ramani saiti na akasikilizwa aje aniambie aliandikaje.